Machi kwenye matete ya Minsmere: nani amefika, nani anaondoka, na nani kamwambia

Klabu za watazamaji ndege za mashariki mwa Uingereza zina desturi ambayo mgeni huiona kama wazimu. Mwishoni mwa Machi, sakitu ikiwa bado juu ya nyasi, watu wazima huamka saa kumi na nusu alfajiri, hujaza chai kwenye chupa, hupakizana kwenye magari na kwenda kusimama kwenye upepo wa bahari wakitazama matete makavu ya mwaka jana. Ndege wengi wanaotoka Afrika hawajafika. Miti haina majani. Mtu wa Mombasa au Bukoba akichukuliwa kwenye safari hiyo atauliza, na ana haki ya kuuliza: si tungengoja Mei?

Mei ni mwezi mzuri, sikatai. Lakini kufikia hapo matete mapya yameshaota yakafunika kila kitu, na ndege wanaoimba ni wengi hata sikio la mwanafunzi linachoka. Machi ndipo unapoweza kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya wanaposema kwamba ndege wamerudi. Wapo wasioondoka kabisa, wapo wanaojiandaa kuondoka, na wapo wanaoingia. Kinamasi cha Machi ni stendi ya mabasi kabla ya mapambazuko: gari moja linateremsha abiria waliosafiri usiku kucha, jingine linapakia, na utingo wa la tatu bado analala. Ukifika saa nne asubuhi utaona msongamano tu.

Nachukua mfano wa Minsmere, katika jimbo la Suffolk, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya bonde hilo ilikuwa malisho ya ng'ombe, yaliyokaushwa kwa mitaro. Mwaka 1940 maji yakaachiwa makusudi yafurike, ili majeshi ya Ujerumani yakitua ufukweni yakwame kwenye tope. Wajerumani hawakuja. Waliokuja ni ndege. Mwaka 1947 avocet, ndege mweupe mwenye mabaka meusi na mdomo uliopinda kuelekea juu, ambaye hakuwa amezaliana ipasavyo Uingereza kwa takriban karne nzima, alitaga pale na kwenye kisiwa cha Havergate kilicho jirani. Mwaka huohuo RSPB, chama kikubwa cha kuhifadhi ndege nchini humo, kilianza kulisimamia eneo hilo. Katika miaka ya 1960 msimamizi wake, Bert Axell, alichimbisha mabwawa ya maji ya kina kifupi yenye visiwa vidogo, ili ndege wa ufukweni wapate pa kulisha na pa kutagia. Leo wageni hukaa kwenye vibanda vya mbao vyenye vidirisha vyembamba, darubini mkononi, wakiyatazama mabwawa hayo, na nyuma yao kuba jeupe la kinu cha nyuklia cha Sizewell linaonekana ufukweni. Mandhari ya ajabu, lakini ndege hawana habari nalo.

Kwa hiyo kinamasi hiki hakikuachwa kijiendeshe. Maji hupandishwa na kushushwa kwa milango, matete hukatwa kwa zamu wakati wa baridi, tope huchimbwa. Bila kazi hiyo matete yaliyokufa hurundikana mwaka hadi mwaka, ardhi huinuka, maji hupungua, vichaka vya miti huingia, na baada ya miongo michache panakuwa pori kavu. Aliyetaabika zaidi kwa sababu hiyo ni bittern.

Bittern ni wa ukoo mmoja na yangeyange, ila ni mnene, wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi, na akisimama wima kati ya matete huwezi kumwona hata akiwa hatua kumi kutoka ulipo. Hapo ndipo Machi inapokuwa na faida. Dume huanza kunguruma mwishoni mwa majira ya baridi, na sauti yake nzito, mfano wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa kubwa tupu, husikika kilomita kadhaa. Misuli ya koo lake hunenepa msimu huo. Humeza hewa kisha huitoa kwa mkupuo. Mwanzoni mwa msimu hutoa miguno isiyo na nguvu, kisha wiki baada ya wiki sauti inajaa. Wazee wa klabu hubishana kwenye kibanda kama walichosikia kimefikia kiwango cha kuitwa ngurumo au bado ni mguno. Mzozo huo hauishi, na sidhani kama kuna anayetaka uishe.

Sauti hiyo ndiyo njia ya kuwahesabu. Watafiti waliorekodi madume waligundua kwamba kila mmoja ana ngurumo yake, na kwamba ukirekodi kwa makini unaweza kuwatofautisha. Mwaka 1997 Uingereza nzima zilisikika ngurumo za madume 11 tu. Ndipo kazi kubwa ikaanza: vitanda vya matete vilivyoinuka vikashushwa kwa kuchimbwa, maji yakarudishwa, samaki wakapata njia za kupita. Kwa kuwa matete mengi ya pwani yalikuwa hatarini kuingiliwa na bahari, vinamasi vipya vikatengenezwa bara. Kimoja, Lakenheath Fen, kilikuwa mashamba ya karoti hadi RSPB ilipoyanunua mwaka 1995. Mwaka 2007 korongo walizaliana hapo, jambo ambalo halikuwa limetokea katika nyanda hizo kwa miaka ipatayo 400. Madume ya bittern sasa ni zaidi ya 200. Ila hesabu hiyo ina kasoro moja. Dume hasaidii chochote kwenye kiota. Jike hujenga, huatamia na kulisha peke yake, na dume mmoja anaweza kuwa na majike kadhaa. Ukihesabu ngurumo umehesabu wanaume wenye kelele. Viota huhesabiwa baadaye, kwa kuwatazama majike wakiruka kutoka kwenye maji kwenda kulisha makinda.

Juu ya matete hayohayo, siku isiyo na mvua, utamwona kipanga wa vinamasi akipanda juu sana, akajiachia na kuanguka huku akijipindua, kisha akapanda tena. Hayo ni maonyesho ya dume kwa jike. Mwaka 1971 Uingereza ilibaki na jozi moja tu ya ndege huyu iliyokuwa ikizaliana, nayo ilikuwa Minsmere. Sumu za mashambani za aina ya DDT zilikuwa zimefanya maganda ya mayai kuwa membamba. Zilipoondolewa, na ndege wakaachwa bila kupigwa risasi, wakaongezeka hadi mamia ya jozi. Wenzao wa Ulaya ya mashariki na Urusi ndio wale wanaokuja kukaa kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga ya Kenya na Tanzania kuanzia Oktoba.

Hao ni wenyeji. Karibu nao, kwenye maji, kuna bata wanaopiga miluzi ambao kwao ni Iceland, Skandinavia na Urusi. Kwao Suffolk ndiyo Kusini, mahali pa kukimbilia baridi. Mwishoni mwa Machi wamepungua, na waliobaki wanakula kama watu waliokwisha kata tiketi. Na juu ya mabwawa, kama upepo wa kusini umevuma siku mbili tatu, wanaonekana mbayuwayu wa mchanga wa kwanza, wadogo, wa kahawia, wakiruka chini sana kwa sababu wadudu wote wanaopatikana kwenye baridi hiyo wako usawa wa maji.

Sasa swali gumu. Nani amewaambia kwamba wakati umefika?

Watu wengi watakujibu kwamba ni joto. Si joto, angalau si kwanza. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka 1924, huko Edmonton nchini Canada, William Rowan aliwaweka ndege wadogo kwenye mabanda ya nje, katika baridi iliyoshuka mbali chini ya sifuri, akawawashia taa za umeme jioni, akiongeza dakika chache kila siku. Theluji ikiwa imejaa pande zote, viungo vyao vya uzazi vilikua kama vinavyokua wakati wa kuzaliana. Waliokaa baridi hiyohiyo bila taa hawakubadilika. Miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit, akitumia bata, alionyesha jambo la kushangaza zaidi: mwanga huo hauhitaji macho. Hupenya fuvu na kufikia seli ndani ya ubongo zenyewe. Kutoka hapo homoni hushika kazi, na korodani zilizokuwa zimesinyaa huongezeka ujazo mara mamia. Nafikiri hii ndiyo sababu kinamasi kinaweza kujaa nyimbo siku ambayo watazamaji wamevaa glavu. Katika latitudo ya Suffolk mwanga wa mchana huongezeka kwa dakika nne hivi kila siku mwishoni mwa Machi, theluji iwepo isiwepo.

Lakini mwanga unaeleza habari ya bittern na kipanga aliye Suffolk. Je, ndege aliye Kenya? Nairobi tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote ni dakika kumi hivi kwa mwaka mzima. Hapo hakuna mabadiliko ya kutegemea. Na bado, ifikapo Machi, ndege wahamaji wanaanza kubadilisha manyoya, wananenepa, wanahangaika usiku.

Jibu lilitoka Ujerumani. Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wahamaji kwenye vyumba vyenye saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, mwezi baada ya mwezi, joto halibadiliki, chakula hakibadiliki. Ndege wale walinenepa na kukonda, walibadilisha manyoya, na usiku wa majira yao ya kusafiri walirukaruka kwenye vitundu. Tena mzunguko wao haukuwa miezi 12 kamili. Mara nyingi ulikuwa mfupi kidogo, hivyo mwaka hadi mwaka ulizidi kutangulia kalenda. Hapo ndipo penye uthibitisho. Kama walikuwa wanapata ishara ya siri kutoka nje, mzunguko ungekuwa mwaka kamili. Ukiwa mfupi, maana yake saa imo ndani ya mwili, na kazi ya mwanga ni kuirekebisha tu. Gwinner alifanya majaribio kama hayo hata kwa ndege wa jamii ya stonechat kutoka Kenya, ambao hawahami kabisa, akakuta nao wana saa ya mwaka.

Saa ya ndani humwondoa ndege Afrika. Haimfikishi Ulaya. Njiani kuna jambo ambalo klabu ya Suffolk haiwezi kuliona kwenye darubini, nalo ni mvua ya Sahel, ukanda mkavu ulio kusini ya jangwa la Sahara. Mbayuwayu wa mchanga wa Uingereza hukaa Sahel wakati wa baridi ya kwao, na vilevile sedge warbler, ndege mdogo wa matete mwenye nyusi nyeupe ambaye hufika Minsmere Aprili. Mvua za 1968 zilipokosekana huko, masika ya Ulaya ya 1969 yalikuja na upungufu mkubwa. Ndege mmoja wa vichakani, whitethroat, alipungua Uingereza kwa zaidi ya robo tatu katika mwaka mmoja. Mbayuwayu wa mchanga waliporomoka pia, na wakaporomoka tena baada ya ukame wa 1983. Kwa sedge warbler, wanasayansi wa Uingereza wamelinganisha takwimu na kuona kwamba idadi inayosalimika hupanda na kushuka pamoja na mvua ya Sahel. Kwa hiyo mtazamaji akilalamika mwezi wa Aprili kwamba matete ya mwaka huu ni kimya, huenda sababu iko Mali au Senegal, na ni ya Agosti iliyopita.

Baada ya Sahel kuna jangwa, kuna bahari ya Mediterania, kuna upepo. Upepo wa kaskazini ukivuma wiki nzima, wasafiri hukwama Ufaransa. Ukigeuka usiku mmoja, asubuhi yake ukingo wa kinamasi una ndege ambao jana hawakuwepo. Madume kwa kawaida hutangulia. Anayewahi hupata eneo bora, lakini baridi ikirudi na wadudu wakapotea anaweza kufa njaa. Anayechelewa yuko salama, ila hukuta viwanja vizuri vimeshikwa. Hakuna tarehe moja iliyo sahihi kwa wote, ndiyo maana wanaingia mmojammoja kwa wiki nyingi.

Hili linatuleta kwenye mchezo mpendwa wa klabu zote: kuandika tarehe ya ndege wa kwanza. Ni mchezo wa zamani. Robert Marsham wa Norfolk, jimbo lililopakana na Suffolk, alianza mwaka 1736 kuandika siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku chura alipolia, siku miti ilipotoa majani, na familia yake iliendelea hadi 1958. Rekodi hizo ni hazina. Lakini tarehe ya ndege wa kwanza ni kipimo chenye mitego, na naona klabu nyingi hazisemi hivyo kwa sauti ya kutosha. Watazamaji wakiongezeka, wa kwanza ataonekana mapema zaidi hata kama ndege hawajabadilika. Ndege wakipungua, wa kwanza ataonekana baadaye hata kama wanasafiri siku zilezile. Na ndege mmoja mwenye haraka hawakilishi wenzake elfu. Kinachofaa ni kurudi mara kwa mara mahali palepale na kuandika wangapi, ili ujue siku ambayo nusu yao wameshafika.

Kwa nini siku hiyo ijalishe? Kwa sababu Ulaya inapata joto mapema kuliko zamani, viwavi wa misituni wanatoka mapema, ilhali ndege aliye Afrika hana namna ya kujua. Christiaan Both na wenzake nchini Uholanzi waliandika mwaka 2006 kuhusu ndege mdogo wa misitu, pied flycatcher: pale ambapo viwavi walifikia kilele mapema zaidi, idadi yake ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 90. Mtu angetarajia vinamasi navyo viathirike hivyo. Mwaka 2010 Both na wenzake wengine walionyesha kwamba sivyo. Kati ya 1984 na 2004, wahamaji wa masafa marefu wanaozaliana kwenye misitu ya Uholanzi walipungua, lakini wale wa vinamasi hawakupungua kwa mtindo huo. Maelezo yao ni chakula. Msituni viwavi hujaa kwa wiki chache kisha basi, aliyechelewa amechelewa. Kwenye kinamasi wadudu hutoka kwenye maji kwa zamu, kundi baada ya kundi, kuanzia masika hadi kiangazi. Aliyechelewa atakuta meza bado ina kitu. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kulinda matete, kubwa kuliko uzuri wa ngurumo ya bittern: ni mahali ambapo kukosea kalenda hakuui upesi.

Miongoni mwa wa mwisho kufika ni marsh warbler, ndege mdogo. Haingii Ulaya mpaka Mei, na Uingereza ni adimu siku hizi. Njia yake inapita Kenya: wakati wa usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, hunaswa kwa wingi na kuvishwa pete za utambulisho miguuni pale Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1969. Wimbo wake wote ni kuiga. Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewarekodi Ubelgiji, alikuta kwamba dume mmoja huiga kwa wastani aina 76 za ndege, zaidi ya nusu yao wa Afrika. Mtazamaji wa Nairobi akisimama kando ya mfereji wa Ubelgiji mwezi wa Juni anaweza kutambua sauti za nyumbani ambazo mwenyeji wake hazijui.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, basi, Machi na Aprili ni nusu ya pili ya habari hii. Kwenye bwawa la Manguo, Limuru, ambako matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi, hufika mara nyingine, au kwenye kingo za Ziwa Viktoria, tafuta bata mdogo ambaye dume lake limeota mstari mpana mweupe juu ya jicho; miezi miwili nyuma alikuwa wa kahawia kama jike. Nyanda kavu zilizo jirani, tazama wheatear, ndege mdogo wa ardhini mwenye kiuno cheupe. Vifaa vidogo vya kurekodi mwanga walivyofungwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2012, vilionyesha kwamba baadhi ya wanaokaa Afrika Mashariki hutoka Alaska, kilomita 14,500 hivi kwa safari moja, na uzito wao ni gramu 25.

Huku kwetu tarehe ya kutafuta si ya kwanza, ni ya mwisho, na hiyo ni ngumu zaidi. Huwezi kujua leo kwamba ndege uliyemwona ndiye wa mwisho. Utajua ukirudi wiki ijayo na ijayo tena bila kumwona. Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas hupokea orodha za watu wa kawaida, na kwa ile ya Kenya orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya eneo moja dogo la ramani. Orodha ya mwisho wa Aprili ambayo bata yule hayumo ina thamani sawa na ile ya Machi ambayo yumo, ilimradi uliiandika yote na kuituma.